Seli za chujio la figo hujuaje upande wake wa juu na wa chini?

Swali limetoka kwa mwalimu wa biolojia anayefundisha sekondari wilayani Rungwe. Mtoto wa dada yake, mwenye umri wa miaka 5, anaishi na wazazi wake Makambako. Alianza kuvimba macho kila asubuhi, kisha miguu, na kipimo cha mkojo kikaonyesha protini nyingi. Wiki mbili zilizopita alianzishiwa prednizoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Daktari aliyempokea Mbeya aliwaeleza wazazi kwamba katika ugonjwa wa aina hii chujio la figo halitoboki, bali seli zake hupoteza pande zake. Mwalimu anauliza: seli inawezaje kuwa na pande, inazijuaje, na kwa nini kuzipoteza kuvujishe protini ilhali hakuna tundu jipya lililotokea? Anataka pia kujua kama ndugu wa mtoto huyo wapimwe vinasaba.

Mwalimu, pole kwa kuuguliwa na mpwa wako, na umfikishie dada yako pole zangu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nilieleze. Sehemu ya figo inayozuia protini isitoke imejengwa kwenye mpaka ambapo upande mmoja wa seli unakoma na upande mwingine unaanza. Seli ikiacha kutofautisha pande zake, mpaka huo hukosa mahali pa kukaa, na chujio hulegea hata kama hakuna kilichotoboka. Daktari aliwaeleza wazazi sawasawa, ingawa kwa mkato.

Tuone kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. Kila figo ya mtu mzima ina wastani wa nefroni milioni 1, yaani vitengo vidogo vya kuchuja, na kila nefroni huanza na fundo la kapilari liitwalo glomerulasi. Figo mbili kwa pamoja hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kutoka katika damu hiyo huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini hata mkojo ukabaki lita 1 au 2. Plazima, yaani majimaji ya damu, ya ujazo huo wa lita 180 ina zaidi ya kilo 7 za albumini, protini yake kuu, lakini mtu mwenye afya hupoteza kwenye mkojo chini ya miligramu 30 kwa siku. Ni kweli kwamba kiasi kidogo kinachopenya hunyonywa tena na mirija inayofuata, ila sehemu kubwa mno ya albumini haivuki chujio tangu mwanzo.

Chujio hilo lina matabaka matatu. La ndani, linaloguswa na damu, ni seli bapa za ukuta wa kapilari zenye matundu mengi, ambayo huzuia chembe za damu lakini hupitisha plazima kwa urahisi. La katikati si seli bali ni utando wa msingi, wenye unene wa takribani nanomita 300 hadi 350 kwa mtu mzima, uliofumwa kwa kolajeni ya aina ya nne, laminini na protini nyingine zinazoshika maji mengi. La nje ndilo la podosaiti, seli ambazo swali lako linazihusu. Kila podosaiti ina mwili unaoelea katika nafasi ya mkojo bila kulalia kapilari, na kutoka katika mwili huo hutoka mikono mikubwa ambayo hugawanyika kuwa vijiguu vingi vyembamba vinavyokanyaga utando wa msingi. Vijiguu vya seli moja hupishana na vya seli jirani kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana, na kati ya kijiguu na kijiguu hubaki mwanya wa takribani nanomita 40.

Hapa vitabu vingi vya shule huishia kusema kwamba mwanya huo ndio tundu la chujio, na wanafunzi huridhika. Lakini fanya hesabu: molekuli ya albumini ina upana wa karibu nanomita 7, kwa hiyo mwanya mtupu wa nanomita 40 usingeizuia hata kidogo. Mwanya si mtupu. Umezibwa na utando mwembamba wa protini, ambazo mojawapo ni nefrini. Molekuli za nefrini hutoka katika vijiguu viwili vinavyotazamana na kukutana katikati. Utando huo wa mwanya ni aina ya kiungo kati ya seli na seli, chenye asili moja na viungo vinavyobana seli za ngozi ya ndani ya utumbo au za mirija ya figo, ila hiki kimebadilishwa ili kipitishe maji badala ya kuyazuia.

Sasa tuingie kwenye pande. Seli yoyote ya tishu inayofunika uso fulani wa mwili ina upande unaotazama nafasi ya wazi, upande unaokaa juu ya utando wa msingi, na ukanda wa viungo unaozitenganisha pande hizo mbili. Hali hiyo ya seli kuwa na pande zisizofanana ndiyo polariti. Katika podosaiti, upande wa juu, yaani ule unaotazama mkojo, umejaa podokaliksini, protini yenye chaji hasi nyingi ambayo husukumana na ya kijiguu jirani na hivyo kusaidia mianya isijifunge. Upande wa chini, yaani nyayo za vijiguu, una integrini inayoshika laminini ya utando wa msingi. Ukiingiza podokaliksini kwenye nyayo, seli itaachia inapokanyaga. Ukipeleka integrini juu, haitakuwa na cha kushika. Katikati ya maeneo hayo mawili, pembeni mwa kila kijiguu, ndipo nefrini na wenzake wanapokaa, na hawakai kwingine.

Seli inajuaje? Fununu ya kwanza nzuri haikutoka kwenye figo, bali kwenye yai la mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans. Mwaka 1988 Kenneth Kemphues na wenzake huko Marekani walieleza vinasaba ambavyo vikiharibika, yai lililorutubishwa hugawanyika katika seli mbili zinazofanana, wakati kwa kawaida seli ya mbele huwa kubwa kuliko ya nyuma na kila moja hurithi vitu vyake. Vinasaba hivyo vikaitwa par. Baadaye ilionekana kwamba protini zake, hasa Par3 na Par6, zikiwa pamoja na kimeng'enya kiitwacho aPKC, zimo pia katika seli za inzi, za panya na za binadamu, zikifanya kazi ileile ya kuigawa seli katika maeneo.

Namna zinavyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu mwanafunzi akiielewa hatahitaji kukariri majina. Hakuna ramani iliyochorwa mahali fulani ndani ya seli. Kuna makundi mawili ya protini yanayofukuzana. Kundi la aPKC likiwa upande mmoja hubandika fosfeti kwenye protini za kundi la pili, kama Par1 na Lgl, na protini iliyobandikwa fosfeti huachia utando wa seli na kuondoka eneo hilo. Par1 nayo, ikiwa upande wake, huibandika Par3 fosfeti na kuiondoa. Kwa hiyo kila kundi hubaki tu pale ambapo jingine halipo, na mstari unaotenganisha maeneo hayo hujichora wenyewe na kujirekebisha kila dakika. Kinachoamua upande upi uwe juu na upi uwe chini ni mguso: pale integrini inapokutana na laminini seli hutambua chini, na pale inapogusana na jirani hujenga kiungo. Upande usioguswa na chochote huwa juu. Kuna kundi la tatu, la Crumbs, ambalo hukaa juu karibu na viungo na kulitia nguvu kundi la aPKC.

Pande hizi, kwa hiyo, si umbo ambalo seli ilipewa mara moja ikakaa nalo. Ni kazi inayoendelea, yenye gharama ya nishati. Katika podosaiti, ambayo husukumwa na shinikizo la damu kubwa kuliko lile la kapilari nyingine nyingi za mwili, kazi hiyo haipumziki maisha yote.

Ukitaka kuona jinsi pande zinavyozaa umbo, tazama figo ya mimba. Mwanzoni seli zitakazokuwa podosaiti ni ndefu na zimesimama safu moja zikibanana, na viungo vyake viko karibu na kilele, kama ilivyo kwa seli yoyote ya kufunika. Kapilari zinapoingia na kujikunja ndani ya kifundo, viungo hivyo huanza kushuka ubavuni mwa seli kuelekea chini, na nafasi kati ya seli na seli hufunguka nyuma yake. Vinapofika karibu na utando wa msingi, seli hutoa vijiguu vinavyopishana, na kiungo kilichokuwa kileleni huwa utando wa mwanya. Kwa maneno mengine, katika podosaiti iliyokomaa upande wa juu umepanuka mpaka umefunika karibu seli nzima, na upande wa chini umebaki nyayo tu. Safari hiyo ya mpaka kutoka juu kwenda chini ndiyo inayotengeneza chujio, na nefroni zote hukamilika kuundwa kabla ya mtoto aliyetimiza miezi yake kuzaliwa.

Ushahidi kwamba hili si hadithi ya kupendeza tu umekuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya panya: mwaka 2009 watafiti waliondoa aina moja ya aPKC katika podosaiti peke yake, wakaacha seli nyingine zote zikiwa nzima, na panya hao wakapata protini nyingi kwenye mkojo na kufa wakiwa na umri wa wiki chache, huku vijiguu vyao vikiwa vimevurugika na nefrini ikiwa haikai mahali pake. Ilikwishaonekana kabla ya hapo kwamba Par3 hushikana na nefrini moja kwa moja, kwa hiyo kamba inayounganisha mashine ya pande na utando wa mwanya ilikuwa imepatikana. Kundi jingine la pande, la Scribble, halikuonekana kuwa la lazima kwa podosaiti lilipoondolewa, jambo linaloonyesha kwamba si kila protini ya polariti ina uzito sawa katika seli hii.

Njia ya pili ni ya wagonjwa. Mwaka 1998 kundi la watafiti la Karl Tryggvason lilionyesha kuwa watoto wa Finland wanaozaliwa na ugonjwa mkali wa kuvuja protini wana hitilafu kwenye kinasaba cha nefrini. Mwaka 2000 kikafuata kinasaba cha podosini, protini inayoishikilia nefrini kwenye utando wa seli. Mwaka 2015 hitilafu za CRB2, mmoja wa ukoo wa Crumbs, zilielezwa kwa watoto wenye ugonjwa wa figo usiosikia steroidi. Hiki cha mwisho ndicho ninachokipenda kukitaja darasani, kwa sababu kinasaba kilichojulikana kwanza kwa kupanga pande za seli za inzi kimekutwa kikiwa chanzo cha uvimbe wa mtoto wa binadamu.

Tufike kwenye kiini cha swali lako. Podosaiti ikiugua, vijiguu hurudi ndani, hupanuka na kuungana, hata seli ikalala bapa juu ya kapilari kama zulia. Ukitazama kwa hadubini ya kawaida huoni kasoro. Ni hadubini ya elektroni inayoonyesha kwamba vijiguu havipo. Mtu angetarajia kwamba seli iliyotandaa na kufunika ukuta mzima ingezuia zaidi, na kwa maji ndivyo ilivyo: mianya ikipungua, uchujaji wa maji nao huelekea kupungua. Lakini albumini hupita kwa wingi, na jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa miongo mingi.

Maelezo yanayoniridhisha kuliko mengine yalitolewa mwaka 2020. Utando wa msingi si ukuta mgumu. Ni jeli yenye maji, na upitishaji wake hutegemea imebanwa kiasi gani. Shinikizo la damu husukuma jeli hiyo kutoka ndani kwenda nje. Vijiguu vilivyopangwa kwa ukaribu, vimeshikwa pamoja na utando wa mwanya na kukazwa na nyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo, zilizo ndani yake, huisukuma kutoka nje kurudi ndani. Jeli iliyobanwa pande zote mbili huwa na nafasi ndogo mno kwa molekuli ya ukubwa wa albumini, ilhali maji huendelea kupita. Vijiguu vikipotea, urefu wa jumla wa mianya hupungua, msukumo wa kutoka nje hudhoofika, jeli hulegea, na albumini hupata njia kila mahali bila tundu lolote kuonekana. Ndiyo maana seli iliyotandaa huzuia vibaya kuliko ile iliyosimama kwa ncha za vidole vyake. Wapo wanaotilia mkazo zaidi chaji za umeme za chujio au utando wa mwanya wenyewe, na sidhani kama mjadala umefungwa, lakini maelezo yote yanakubaliana kwamba bila pande hakuna vijiguu, na bila vijiguu chujio halifanyi kazi.

Kwa mtoto wa umri wa mpwa wako, chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa mabadiliko madogo, unaoitwa hivyo kwa sababu ya hicho ambacho hadubini ya kawaida haikioni. Kwa muda mrefu ilijulikana tu kwamba kinga ya mwili inahusika, kwa kuwa steroidi huuondoa. Tafiti za mwaka 2022 na 2024 zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hawa, ingawa si wote, wana kingamwili zinazoishambulia nefrini yenyewe. Kingamwili ikishika nefrini, mpaka kati ya juu na chini huvurugika, aktini hujipanga upya na vijiguu hujikunja. Dawa ikituliza kinga, seli hujenga pande zake upya na vijiguu hurudi, kwa kuwa seli yenyewe haikufa. Watoto wengi huitikia, ingawa wengi wao pia hurudiwa na ugonjwa baadaye, na wazazi wasiambiwe kwamba kurudi kwake kunatokana na uzembe wao. Wasiache prednizoloni ghafla kwa kuona uvimbe umeisha.

Niseme jambo moja la hapa kwetu, kwa kuwa nimeliona likichelewesha watoto. Mtoto aliyevimba katika mikoa yetu, ambako udumavu ni mkubwa licha ya mahindi na viazi kujaa, huhesabiwa haraka kuwa na utapiamlo au minyoo. Kwashakoo na ugonjwa huu wa figo vyote hushusha albumini ya damu na vyote huvimbisha, lakini katika kwashakoo mkojo hauna protini nyingi. Kijiti cha kupima mkojo hutoa jibu kwa dakika moja hata katika zahanati ya kijijini, na sioni sababu ya mtoto aliyevimba kuondoka bila kupimwa hivyo.

Kwa watu wazima wa Nyanda za Juu Kusini, podosaiti ina adui mwingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, takribani asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi, ikifuatiwa na Iringa. Virusi hivyo vinaweza kuingia hadi kwenye seli za figo, na vinasaba vyake viwili, Nef na Vpr, huisukuma podosaiti kufanya kile ambacho seli iliyokomaa haifanyi: husahau pande zake, hupoteza vijiguu na kuanza tena mzunguko wa kugawanyika. Podosaiti haikuumbwa kurudi huko. Hujikusanya, hung'oka na kutoka na mkojo, na kifundo cha kapilari huporomoka nyuma yake. Tofauti na mpwa wako, hapa seli inakufa, na mwili una uwezo mdogo sana wa kuziba pengo. ARV zinazoanzwa mapema zimeupunguza sana ugonjwa huu, na hiyo ni sababu ya ziada kwa mtu anayehudhuria CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, kupimwa mkojo mara kwa mara. Kisukari na shinikizo la juu la damu huziangusha podosaiti polepole kwa njia nyingine, na huko sitakwenda leo.

Kuhusu vinasaba, ndugu wa mtoto wapimwe mkojo kwa kijiti mara moja, kwa kuwa ni rahisi na hakuumizi. Kipimo cha vinasaba ni jambo jingine. Hufikiriwa pale ugonjwa unapoanza kabla ya mtoto kutimiza mwaka, pale ndugu wa damu amewahi kuugua hivyo, pale wazazi wana undugu wa karibu, au pale steroidi zinaposhindwa. Hitilafu za nefrini, podosini na CRB2 hurithiwa kwa namna ambayo mtoto lazima apate nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, nao wote wawili huwa wazima. Katika hali hiyo kila ndugu ana uwezekano wa 1 kati ya 4. Faida ya kujua ni ya vitendo: seli ambayo haina protini sahihi ya kujengea mpaka haiwezi kuujenga kwa steroidi, na mtoto huepushwa na miezi ya dawa yenye madhara bila manufaa. Mpwa wako ana wiki mbili tu za dawa, kwa hiyo ni mapema. Mama yake apime mkojo kila asubuhi na kuandika matokeo kwenye daftari. Protini ikitoweka ndani ya wiki 4 hadi 6, hakuna haja ya kupima vinasaba vya mtu yeyote. Ikibaki, daftari hilo liende na mtoto kwa daktari wake Mbeya, na hapo ndipo swali la vinasaba liulizwe.